Mwogaji Aliyechorwa Mgongo

Mwenye bilauri ya maji mkononi aiweke chini kwanza, ndipo nianze.

Mkosi ulianza na kidimbwi kidogo. Asubuhi ya tarehe nne Agosti, Honorine Vasselin alishuka karakanani na kahawa yake, akakanyaga maji chini ya picha aliyoletewa na daktari mmoja aikarabati. Hayakuwa mengi, kiasi cha vijiko viwili vya supu. Lakini mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tano, bomba lilikuwa ukuta wa pili, na dari ilikuwa kavu kabisa. Akachukua kitambaa, akafuta. Kitambaa kikanuka matope ya mto na mnanaa uliokanyagwa.

"Sidonie! Umemwaga nini hapa?"

"Mimi?" mdogo wake akajibu kutoka ghorofani. "Mimi bado nimelala, dada. Hata haya ninayosema, nayasema usingizini."

Hivyo ndivyo Sidonie alivyokuwa, mdomo haufungi. Umri wake miaka thelathini na minane, na bado alipiga mluzi akila. Honorine alikuwa na hamsini na mmoja. Mama yao alipofariki Sidonie alikuwa mtoto wa miaka mitano, na tangu siku ile Honorine ndiye aliyemchana nywele, akamfundisha kusoma, akamrithisha kazi ya baba: kukarabati picha za zamani, katika nyumba ileile kando ya mto Marne, safari fupi ya treni kutoka Paris. Honorine hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Sidonie, basi. Alipokuwa na miaka saba, Sidonie alidondokewa na gundi ya moto kutoka kwenye brashi ya dada yake, ikamchoma bega la kushoto. Kovu likabaki, umbo la punje ya haragwe. Kila kiangazi Sidonie akivaa nguo isiyo na mikono, Honorine huliona kovu lile na kusema, "Pole," na Sidonie hujibu, "Miaka thelathini na moja! Utaacha lini?"

Sasa picha yenyewe. Ilikuwa ya Daktari Garrigue, daktari wa meno, aliyoirithi kwa shangazi yake. Alitaka kuitundika chumba cha kulia kabla ya arusi ya binti yake, tarehe kumi na tano. Ilichorwa kiangazi cha mwaka 1888, kwa madoamadoa ya rangi, mtindo wa vijana wa wakati ule: watu wamekwenda kuoga mtoni siku ya Jumapili. Wanaume watatu na wanawake wawili wamejilaza kwenye majani, kofia usoni, tumbo limeshiba. Msichana mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa ametia miguu majini. Na katikati ya mto, maji yakimfika kiunoni, mwanamke amesimama peke yake, ametupa mgongo.

Rangi yake ilikuwa kavu kama chokaa ya ukuta. Na nyuma ya kitambaa cha picha, mchoraji aliandika kwa herufi nyeusi kubwa: ISIPAKWE VANISHI KAMWE.

Sidonie ndiye aliyeisafisha. Kazi ile hufanywa kwa mate, na msicheke, mafundi wote wa kule hufanya hivyo, kwa maana hakuna dawa inayotoa uchafu kwa upole kama mate ya binadamu. Unaviringisha pamba kwenye kijiti, unaitia mdomoni, unaipitisha juu ya picha, unaitupa, unachukua nyingine. Siku nne Sidonie alilamba na kufuta, kufuta na kulamba, kuanzia angani hadi mtoni.

Alipomaliza, Honorine akatoa chupa ya vanishi.

"Dada, mwenyewe kaandika."

"Wote waliandika hivyo, na wote wameshakufa. Daktari yu hai, naye anataka ing'ae."

"Basi angalau tumuulize."

"Ushaanza. Nipe brashi."

Alipaka mara mbili, jioni ya tarehe tatu. Vanishi huamsha rangi, kila fundi anajua, ila hii haikuamka tu. Kijani kilizama, buluu ikawa na kina, na mto uliokuwa chokaa ukawa mto. Kisha Sidonie akasema, "Unaona? Umeulowesha." Wahenga walinena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyekataa kumsikia mdogo, na guu lililovunjika halikuwa lake.

Basi siku ile ya kidimbwi, saa sita mchana, kengele ya kanisa ililia juu ya mji mtupu. Mwezi wa Agosti watu wa kule huhama wote kwenda baharini. Mwoka mikate alikuwa amefunga, mwuza nyama amefunga, na barabara nzima ilikuwa jua tu. Honorine alikuwa jikoni juu akikata tikiti. Akasikia mtu anachapa maji kwa kiganja, taratibu, chapa, chapa, kama mtu anayemwita mwenzake aingie. Sauti ilitoka chini, karakanani.

Alimkuta Sidonie ameketi mbele ya picha, viatu amevua, miguu ameinyoosha.

"Unafanya nini?"

"Napunga upepo. Hapa pana ubaridi, njoo. Miguu imekufa ganzi, tamu kweli."

Honorine aliinama akaishika. Ilikuwa baridi kama tikiti lililotolewa kisimani, na baridi ile ilikuwa na mpaka ulionyooka juu ya kifundo. Akainua macho kwenye picha. Yule mwanamke wa mtoni alikuwa na sikio.

Fundi aliyekaa na picha wiki tatu huijua kuliko kiganja chake. Sikio halikuwapo. Palikuwa na kisogo na nywele zilizolowa, basi. Honorine alitazama mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akajiambia ni vanishi imelifichua. Usiwalaumu wenye akili, ndio hodari wa kujidanganya.

Siku ya pili ganzi ilifika magotini, na mwanamke akaonyesha shavu. Siku ya tatu ilifika kiunoni, na shavu likaongezeka upande. Honorine alifunika picha kwa shuka, na shuka likalowa mpaka likachuruzika. Akaigeuzia ukutani, na asubuhi akaikuta inatazama chumba. Daktari wa zamu, kijana aliyebakizwa mjini, alimpima Sidonie akasema ni joto, apumzike. Apumzike! Sidonie alikuwa hafanyi jingine. Alilala kwenye kiti kirefu mbele ya picha kutwa, mkono umening'inia.

Kilichomtisha Honorine zaidi si miguu. Ni uso. Siku ya nne alimletea mkate na jibini, akamtania ili amchokoze: "Malkia, chakula kiko tayari." Sidonie alimtazama. Hakucheka, hakukunja uso, hakutaka wala hakukataa. Uso wake ulikuwa umelainika, kila mkunjo umefutika, kama kwamba mtu alipitisha pamba juu yake. Na kule mtoni, mwanamke sasa alikuwa amegeuka nusu. Upande ule wa mbele hapakuwa na jicho wala mdomo, palikuwa na ngozi tupu, ila pembeni, pale midomo inapoanzia, kilikuwa kimetokea kikunjo kidogo cha mtu anayependa kupiga mluzi.

Honorine aliogopa. Aliinyakua picha, akaipindua akitafuta chochote, na chini kabisa ya maneno yale makubwa akaona majina yameandikwa kwa penseli, ya watu waliokaa wachorwe. Alihesabu mara tatu. Majina yalikuwa sita. Waliochorwa walikuwa saba. Na jina la mwisho alilijua: Philomène Tardieu, bikizee aliyekuwa akiishi kwa watawa, nyumba ya wazee juu ya kilima.

Alimkuta anacheza karata na mtawa, na anaiba. Umri wake miaka themanini na mitatu, jicho kali. Honorine hakuwahi hata kusalimu. Bikizee alinusa hewa, akaziweka karata chini.

"Unanuka mto," akasema. "Wewe ndiye umempaka vanishi?"

"Nimempaka nani, bibi?"

"Sista, katuletee kahawa, na usirudi upesi." Akasubiri mlango ufungwe. "Mimi ndiye mwenye kofia ya chungwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na miguu mizuri, usinitazame hivyo. Tulikwenda sita. Tukala, tukalala. Saa sita mchana nikafumbua macho, nikaona wa saba kasimama mtoni. Hakuna aliyemwona akija. Mchoraji alikuwa anamchora tu, jasho linamtoka. Akaniambia kwa mdomo bila sauti: usimwite ageuke."

"Alikuwa nani?"

"Mama yangu alimwita Bibi wa Saa Sita. Padri alimwita shetani." Mimi ninayesimulia namwita jini, maana ndiye, na majini wa maji ni ndugu mahali popote. "Hana uso, mwanangu," bikizee akaendelea. " Huomba kwa waliostarehe. Mtu aliyeshiba, amelala karibu na maji, hana alitakalo, huyo ndiye wake. Kwanza humpa ganzi, kisha humwomba uso, na mwenye ganzi hana nguvu ya kukataa. Mdogo wangu Firmin alikuwa nasi siku ile, yumo kwenye picha, wa pili kushoto. Wiki moja baadaye tulimkuta amekufa mtoni, mahali maji hayamfiki magotini."

"Na mchoraji?"

"Alimfunga Bibi yule. Alikamua mafuta yote kwenye rangi, akaianika juu ya karatasi, akamchora mgongo kwa rangi kavu ili asiweze kugeuka. Akaandika onyo. Wewe hujui kusoma?"

Honorine aliinamisha kichwa. "Najua."

"Hm. Nani aliisafisha kwa mate?"

"Mdogo wangu."

Bikizee alimshika mkono. "Basi sikiliza, na sitarudia. Kesho saa sita, akiwa karibu na uso wa maji, itoe vanishi yote. Tumia spiriti na tapentaini, umkaushe. Atageuka arudi mgongo, na cha mdogo wako atakiacha. Lakini mate usitie. Nawajua nyinyi mafundi, pamba haiwaishi mdomoni. Mate ndiyo mlango. Mate ya mdogo wako ndiyo yaliyomwita. Ukiyatia tena kabla hajakauka, mlango utafunguka pande zote mbili, na atakayetoka si utakayemtaka."

"Sitatia."

"Funga mdomo kitambaa."

Kesho yake Honorine alijifunga kitambaa mdomoni. Sidonie alikuwa baridi mpaka kifuani, anapumua kidogokidogo, na mwanamke wa mtoni alikuwa na jicho moja la Sidonie, la kahawia, lenye kope zilezile. Kengele ilipolia, Honorine alichovya pamba ya kwanza kwenye spiriti.

Alianza na anga, kisha miti, kisha waliolala, na kila alipopita rangi ilirudi chokaa, na mbele yake maji yakachapwa, chapa, chapa, karibu zaidi, na kicheko chembamba cha Jumapili ya zamani kikatoka kwenye majani, na harufu ya nywele mbichi ikajaa karakana hata akashindwa kujua kama anachovya spiriti au mto, naye akaendelea kuviringisha na kutupa, kuviringisha na kutupa, vidole vikianza kufa ganzi kuanzia kwenye kucha, akafuta jicho likafifia, akafuta shavu likarudi nyuma, akafuta sikio likazama kwenye nywele, na joto likamtoka mikononi mpaka kwenye viwiko, mpaka shingoni, mpaka ulimi ukawa mzito kinywani kama si wake, na kitambaa kilipolowa jasho kikateremka kidevuni hakukisikia, na hofu yenyewe ikaanza kumwacha, kidogokidogo, hata akafika mahali akamfikiria mdogo wake aliyelala nyuma yake na asihisi kitu chochote isipokuwa kwamba kazi imebaki kidogo.

Lilibaki doa moja linalong'aa, juu ya bega la kushoto la mwanamke yule, dogo kuliko ukucha. Honorine aliviringisha pamba mpya. Na mkono wake, uliofanya kazi ile miaka thelathini, ukaipeleka mdomoni.

Alionja spiriti na matope. Alipotambua, pamba ilikwisha pita begani.

Alisimama akingoja. Hakukutokea kitu. Mwanamke alikuwa ametupa mgongo, mto umekuwa chokaa, sauti zimekatika. Kisha nyuma yake kiti kikalia.

"Dada," Sidonie akasema, "njaa inaniuma. Hivi tikiti limekwisha?"

Amesimama, miguu ya moto, mashavu mekundu. Honorine alimkumbatia. Alijua ile ni furaha, kwa kuwa ndicho kitu kilichostahili kuwapo pale, na akangoja ifike. Aliona mikono yake mwenyewe imemzunguka mdogo wake, akaona nywele za Sidonie karibu na pua yake. Alidhani ni uchovu.

Tarehe kumi na tano daktari aliwaalika wote wawili arusini. "Nenda wewe," Sidonie alisema, anaosha vyombo. "Jua kali." Kwa hiyo Honorine akaenda peke yake. Watu walikuwa wameshiba, wamelegeza tai, watoto wamelala chini ya meza. Daktari alimshika kiwiko akampeleka mbele ya picha, juu ya kabati la vyombo.

"Haing'ai," akasema, "lakini mke wangu anaipenda hivihivi. Anasema huyu wa mtoni anamtia huruma, sijui kwa nini. Mgongo tu, lakini utadhani kuna mtu anamwita nyumbani."

Honorine alisogea. Kwenye bega la kushoto la mwogaji, pale alipopitisha pamba ya mwisho, palikuwa na alama ndogo ya rangi ya waridi. Umbo la punje ya haragwe.

Alirudi nyumbani kwa miguu, hakumbuki njia. Sidonie alikuwa bado kwenye sinki, amempa mgongo. Hapo ndipo Honorine alipokumbuka kwamba tangu siku ile ya pamba hakumwona akigeuka sawasawa. Daima alikuwa anaosha kitu, anatazama dirishani, anatangulia ngazini. Kwa sababu ya joto, alikuwa ameteremsha nguo mabegani. Bega la kushoto lilikuwa laini, halina kovu lolote.

"Pole," Honorine akasema, kama alivyosema kila kiangazi.

Akangoja. Hakuna aliyemwambia ataacha lini.

"Mbona umesimama, dada?" sauti ikasema, sauti ya Sidonie kabisa. "Keti. Nimekuwekea maji ya miguu."

Karai lilikuwa mbele ya kiti, na mnanaa unaelea juu yake. Honorine alijua la kufanya, na hakuna mtu duniani aliyelijua vizuri kuliko yeye. Kuomba picha kwa daktari siku moja. Vanishi, brashi, pamba, mate, saa sita mchana. Alilopaka laweza kupakwa tena, na mlango uliofunguka pande zote mbili hufunguka tena. Moyoni alitafuta kile ambacho kingemwinua, woga, au hasira, au mapenzi ya miaka yote ile, akavikuta vyote mahali pake, vimepangwa vizuri, havina joto.

"Kesho," akasema, akavua viatu.

Watu walirudi kutoka baharini. Mwoka mikate akafungua. Majani ya kando ya mto yakawa manjano, na majirani wakasema akina Vasselin wamepumzika vizuri kiangazi hiki, tazama nyuso zao zilivyotulia, hasa ya mkubwa. Bibi Philomène alituma salamu mara mbili, hakujibiwa. Mwezi wa Oktoba ikaja barua ya daktari wa meno, fupi. Samahani kuwasumbua, aliandika, picha ni nzuri, ila kuna jambo dogo. Kila siku saa sita mchana chini ya yule mwogaji hutokea maji, matone machache tu. Mke wangu ameyaonja, nimemgombeza. Anasema yana chumvi. Je, ni kawaida?

Honorine aliisoma barua mara moja, akaielewa yote. Maji ya mto hayana chumvi. Alijua ni machozi, alijua ni ya nani, na alijua anayeitwa ni yeye.

Akaikunja vizuri, akaiweka chini ya chupa ya vanishi asije akasahau.

"Kesho," akasema, na akarudisha miguu kwenye karai.